Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lukemia, Uboho na Maneno Yanayogusa Uhai

Wahenga walionena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na habari za lukemia, wala hawakuwaza kwamba siku moja uboho wa mtu mmoja ungeingizwa mwilini mwa mwingine ukamrudishia uhai. Hata hivyo, ni vigumu kupata kauli inayoieleza tiba hiyo kwa ufupi kuliko hiyo yao. Chembe za mgeni huingia, hupata makao mifupani, na mwenyeji aliyekuwa akifa akapona. Si kila mwenyeji lakini. Wapo wanaopona, wapo wanaokufa katika miezi ya mwanzo, na wapo wanaorudiwa na ugonjwa baada ya mwaka mmoja au miwili wakati jamaa wamekwisha kusahau. Nini huwatenganisha hawa na wale?

Madaktari wa damu wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya nusu karne na wana majibu mengi: hatua ambayo ugonjwa umefikia, umri wa mgonjwa, ulinganifu wa uboho, maambukizi, uangalizi wa baadaye. Majibu hayo ni sahihi. Linalosahaulika ni kwamba sehemu ya majibu hayo hayafanyi kazi mpaka yapite katika masikio ya mama, baba, mke au kaka wa mgonjwa, na hupita huko kwa maneno. Neno likipotoka, muda hupotea, mtoaji hukimbia, dawa huachwa. Dai hili huenda likaonekana kuwa majivuno ya watu wa lugha wanaotaka kujipenyeza wodini. Basi na lipimwe mahali halisi, Nkoroi.

Nkoroi si kijiji cha mbali. Ni mtaa ulio kando ya Barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian, katika Kaunti ya Kajiado, kilomita ishirini na ushei kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai imekatwa viwanja, na viwanja vimejaa nyumba za mawe, za watu waliotoka kila pembe ya Kenya. Mmaasai, Mkikuyu, Mkamba, Mluo na Mluhya hukutana dukani, kanisani na ndani ya matatu, na kinachowakutanisha ni Kiswahili. Mkazi wa hapa akipatikana na lukemia, habari hiyo hutolewa Nairobi, aghalabu kwa Kiingereza, kisha hufika nyumbani kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Mfasiri ni yeyote aliyekuwapo: binti aliyemaliza kidato cha nne, jirani aliye muuguzi, au mgonjwa mwenyewe, ambaye kwa hofu hakusikia zaidi ya nusu ya aliyoambiwa.

Tuanze na jina la tiba. Neno "upandikizaji" limezoeleka kwa habari za figo, na msikilizaji hulielewa kuwa ni kupasuliwa, kutolewa kiungo kibovu na kutiwa kizima. Uboho haupandikizwi hivyo. Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali, pengine pamoja na mionzi, kwa siku kadhaa, ili uboho wake mwenyewe uuawe pamoja na chembe za saratani zilizomo. Baada ya hapo huletwa mfuko unaofanana na mfuko wa damu, ukatundikwa, na yaliyomo yakadondoka polepole kupitia mshipa. Hakuna kisu. Seli shina za mtoaji hujitafutia njia hadi ndani ya mifupa, na inachukua kama wiki mbili hadi nne kabla ya hesabu ya chembe nyeupe kuanza kupanda. Katika muda huo mgonjwa hana kinga ya kusemwa. Familia inayoamini kuwa ni upasuaji huisubiri "siku yenyewe", ikipita salama humshukuru Mungu na kupumua. Kumbe siku hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Uzito uko kabla yake na baada yake.

Kabla yake kuna suala la wakati, na hili linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloua wengi kimyakimya. Mwaka 1957 Mmarekani E. Donnall Thomas na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa sita wa kwanza waliotiliwa uboho wa watu wengine mishipani. Wote walikufa. Miaka iliyofuata haikuwa na matumaini zaidi, na wataalamu wengi waliiacha kazi hiyo. Thomas hakuiacha. Mwaka 1977, akiwa Seattle, kundi lake lilitoa taarifa ya wagonjwa 100 wa lukemia kali ambao tiba nyingine zote zilikuwa zimewashinda. Kati yao 13 walisalia hai bila ugonjwa. Kumi na watatu kwa mia ni wachache, lakini waliibua swali jepesi: ikiwa hata walioletwa wakiwa mlangoni mwa kaburi wameweza kuokoka baadhi yao, ingekuwaje kama wangeletwa mapema? Mwaka 1979 kundi lilelile likaeleza habari za wagonjwa waliopandikizwa mara tu baada ya dawa za kwanza kuuzima ugonjwa, na safari hii zaidi ya nusu waliishi. Hospitali ilikuwa ileile na madaktari walewale. Kilichobadilika hasa ni wakati. Mwaka 1990 Thomas alipewa Tuzo ya Nobeli.

Kipindi hicho cha ugonjwa kuzimwa ndicho madaktari hukitafuta, na ndicho Kiswahili kimekosa kukipa jina linalotosha. Dawa za kwanza zikifanya kazi, chembe za saratani hazionekani tena kwa hadubini, nywele huota upya, mgonjwa hunenepa na kurudi kazini. Aulizwapo na watu wa nyumbani, mfasiri wetu wa Nkoroi husema: "Daktari anasema amepona." Hakusema hivyo. Daktari amesema ugonjwa hauonekani, nako kutoonekana si kutokuwapo. Mwilini huweza kuwa mmesalia mamilioni ya chembe zinazosubiri. Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili fika, maana kina methali isemayo mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini methali haiingii katika fomu ya hospitali, na neno "kupona" huingia.

Athari yake huonekana kwenye harambee. Kwa miaka mingi Wakenya wengi waliohitaji tiba hii wamesafiri hadi India, katika miji kama Chennai na Delhi, na gharama yake imekuwa mamilioni ya shilingi ambayo mshahara wa mwalimu au kibanda cha mboga hakiyafikii. Kwa hiyo huundwa kamati, hutolewa nambari ya M-Pesa, huchapishwa kadi, huombwa kanisani na katika makundi ya WhatsApp. Watu huchanga wakimwona mgonjwa amelala. Wakimwona amesimama, mashavu yamejaa, mfuko hufungwa. Nani atauza ng'ombe ili kumtibu mtu ambaye amekwisha kupona? Yaani saa ileile ambayo uboho ungemfaa zaidi ndiyo saa ambayo jamaa huona haja ya haraka imekwisha. Miezi sita baadaye lukemia hurudi, harambee hufufuka kwa machozi, fedha hupatikana, na mgonjwa hupelekwa akiwa katika hali inayofanana na ya wale mia moja wa mwaka 1977. Ugonjwa uliorudi ni mgumu kuuzima mara ya pili, na hata ukizimika matokeo ya upandikizaji huwa hafifu zaidi.

Wengine wamependekeza "nafuu" kwa kipindi hicho. Ni afadhali, ila nafuu ni neno pana mno. Mwenye mafua naye hupata nafuu. Pengine lifaalo ni lile ambalo bibi yeyote angelielewa bila kamusi: ugonjwa umelala. Kilicholala huamka. Mtu akiambiwa kwamba lukemia ya mwanawe imelala na kwamba kuna miezi michache ya kumtibu kabla haijaamka, hatahitaji mhadhara wa pili.

Suala la pili ni la mtoaji. (Magazeti hupenda kumwita "mfadhili", neno linalomfanya msomaji afikirie mwenye fedha, kwa hivyo hapa tutamwita mtoaji.) Uboho wa mtu hauwezi kuingia kwa mwingine ovyo. Nyuso za chembe hubeba alama za utambulisho ambazo Mfaransa Jean Dausset alianza kuzifumbua mwaka 1958, naye akatuzwa Nobeli mwaka 1980. Kila mtoto hurithi fungu moja la alama kutoka kwa baba na fungu moja kutoka kwa mama. Baba ana mafungu mawili na mama mawili, kwa hiyo kuna michanganyiko minne, na ndugu mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mwenye ndugu wawili ana nafasi ya asilimia 44 ya kumpata anayelingana. Mwenye watano, asilimia 76. Hapa familia kubwa ni hazina.

Lakini ndugu ni nani? Daktari akisema "leteni ndugu wapimwe", anamaanisha watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Kiswahili hakimaanishi hivyo. Ndugu ni kaka, ni binamu, ni mtoto wa baba mkubwa, ni mtu wa ukoo, ni muumini mwenzako, na katika siasa aliwahi kuwa kila raia. Familia ya Nkoroi inaweza kuwaleta watu kumi kwa moyo mkunjufu, wakapimwa kwa fedha nyingi, na miongoni mwao wakawa wawili tu wenye nafasi ya kweli, huku dada aliyeolewa Loitokitok asiitwe kwa kuwa yuko mbali. Lugha ina msamiati wa kuondoa utata huo tangu zamani, ndugu wa toka nitoke, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ila anayezungumza na familia huwa hakuupata darasani na aliyeupata darasani hayupo wodini.

Nje ya familia kuna madaftari ya kimataifa ya watu waliojitolea. Haya hayatumikii wote sawa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014 kuhusu daftari la nchi hiyo ulionyesha kwamba mzungu wa asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya asilimia 75 ya kumpata mtoaji anayelingana naye kikamilifu, ilhali kwa makundi ya watu weusi nafasi hiyo haikufika asilimia 20. Sababu ni mbili. Waafrika waliojiandikisha ni wachache, na Afrika, iliyo chimbuko la binadamu, ina alama za aina nyingi kuliko bara jingine lolote, hivyo hata wangejiandikisha wengi bado kulingana kungekuwa kwa nadra. Kwa mgonjwa wa Nkoroi, basi, daftari lake kubwa ni ukoo wake.

Hapa pana habari njema ambayo haijasambaa vya kutosha. Tangu miaka ya 2000 madaktari wa Baltimore walionyesha kuwa mtoaji anayelingana nusu anaweza kutumika, kwa kumpa mgonjwa siku chache baada ya kupandikizwa dawa ya zamani na isiyo ghali iitwayo saiklofosfamaidi, ambayo huzima chembe za mtoaji zilizoanza kumshambulia mwenyeji. Kwa njia hii mzazi yeyote ni mtoaji wa kufikiriwa, na mtoto yeyote pia, kwa sababu hawa hulingana nusu daima. Hata ndugu wa mama mbalimbali, waliochangia baba tu, kila mmoja ana nafasi ya nusu ya kuwa amebeba fungu lilelile la baba. Katika boma la wake wawili au watatu jambo hili si dogo. Mtoto wa mama mwingine, ambaye huenda hakuitwa hata kwenye kikao, anaweza kuwa ndiye aliyebeba uhai wa mgonjwa.

Wengine huitwa wakakataa, na hofu yao ina chanzo cha kilugha. Uboho huchanganywa na uti wa mgongo. Mtu akisikia kwamba atadungwa sindano "kwenye mfupa" atolewe "ute", hukumbuka homa ya uti wa mgongo, huwaza kupooza, na mwanamume huwaza zaidi ya hapo. Ukweli ni kwamba uboho huchotwa kwenye mfupa wa nyonga mtoaji akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, uti wa mgongo hauguswi kabisa, na mwili hufidia kilichotolewa katika wiki chache. Njia inayotumika zaidi siku hizi hata hiyo haihitajiki: mtoaji hudungwa dawa kwa siku nne au tano ili seli shina zimiminike katika damu, kisha huketi zikichujwa kutoka mkononi. Vilevile jamaa wanaotarajiwa kutoa uboho hushauriwa wasimtolee mgonjwa damu yao moja kwa moja kabla ya kupandikizwa, maana mwili wake unaweza kujifunza kuwakataa. Ni watu wangapi walioitoa kwa upendo bila kuambiwa?

Upendo, kwa bahati mbaya, si kipimo. Mama ndiye hujitokeza kwanza, lakini mtoaji kijana huwa na matokeo bora kuliko mwenye umri mkubwa, na mwanamke aliyezaa mara kadhaa, akimtolea mwanamume, huongeza uwezekano wa mgeni kumgeukia mwenyeji. Daktari akimchagua kaka wa miaka ishirini na miwili badala ya mama, mama asipofafanuliwa atadhani amedharauliwa.

Na huyu mgeni anayemgeukia mwenyeji ndiye kiini cha jambo lote. Chembe za mtoaji huleta kinga mpya, na kinga kazi yake ni kushambulia kilicho kigeni. Ikiona ngozi, utumbo na ini la mgonjwa ni vya kigeni, huvishambulia: upele, kuhara, macho ya njano. Maradhi haya ya pandikizi dhidi ya mwenyeji huua. Lakini kinga hiyohiyo hushambulia pia masalia ya lukemia, nayo ndiyo sababu mojawapo kubwa ya watu kupona. Utafiti mkubwa wa mwaka 1990 ulibaini kwamba waliopata kiasi fulani cha maradhi hayo walirudiwa na lukemia mara chache zaidi, na kwamba waliopewa uboho wa pacha wao wa kufanana, ambao haugombani na mwili hata kidogo, walirudiwa zaidi. Mgeni mpole kupita kiasi humwacha adui ndani ya nyumba. Ustadi wa daktari ni kumshika mgeni huyu katikati, asiwe mkali wala asiwe mpole, na hilo hufanywa kwa vidonge vinavyomezwa kila siku kwa saa maalumu kwa miezi mingi.

Vidonge hivyo huitwa "dawa za kushusha kinga". Tafsiri ni sahihi, na hapo ndipo penye balaa. Hakuna istilahi ya Kiswahili iliyofaulu kama Ukimwi, Upungufu wa Kinga Mwilini. Ilifika kila nyumba na ikafundisha vizazi viwili kwamba kinga ikishuka mtu hufa. Leo mzazi yuleyule anaambiwa ampe mwanawe dawa ya kushusha kinga, kwa makusudi, kila siku. Ni rahisi mno aamue kuipunguza kidogo kidogo kwa siri, au aweke mahali pake mitishamba ya "kuongeza damu" inayovuruga kiwango cha dawa mwilini. Angeambiwa kuwa ni dawa ya kumtuliza mgeni asigombane na mwenyeji, angeimeza hata kama hakumaliza darasa la saba.

Mgonjwa akirudi nyumbani, siku mia za kwanza baada ya kupandikizwa ndizo zinazohesabiwa kwa vidole. Nkoroi humsubiri na mambo yake. Pana vumbi, kwa kuwa barabara nyingi za ndani hazina lami, na ujenzi haukomi. Vumbi la ujenzi hubeba kuvu ambayo mtu mwenye kinga haisikii, lakini asiye nayo humwingia mapafuni. Maji hutoka visimani au huletwa na malori na mikokoteni, na lazima yachemshwe. Maziwa mabichi na yaliyogandishwa kwenye kibuyu, tunu ya eneo zima, hayamfai kwa kipindi hicho. Kukaa zizini hakumfai. Wageni wanaokuja kumpa pole kwa makundi, tena wakiwa na watoto wenye kikohozi, hawamfai pia, na kuwazuia ni utovu wa adabu usiojulikana utasemwaje. Kifua kikuu kipo katika jamii, na virusi ambavyo watu wazima wengi wamevibeba tangu utotoni bila habari huamka ndani ya mwili usio na kinga.

Lililo zito zaidi ni homa. Maagizo huwa mafupi: "Ukipata homa, njoo hospitali mara moja." Katika Kiswahili cha Kenya homa ni joto la mwili, ni mafua, ni malaria, ni kujisikia vibaya. Familia itatafsiri vipi? Pengine itampa vidonge vya kutuliza maumivu, joto lishuke, wangoje asubuhi ili kukwepa usiku wa Barabara ya Magadi. Kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe hazijakomaa, saa hizo nane ni nyingi mno. Neno "homa" halikutosha tangu mwanzo. Kilichohitajika ni kipimajoto na nambari, yaani nyuzi 38, na kauli kwamba asimeze chochote cha kushusha joto kabla ya kuonekana na daktari.

Atatokea msomaji aseme kwamba haya yote ni kujipamba kwa lugha, kwamba wanaokufa hufa kwa kukosa fedha, si maneno. Ana haki ya kusema. Kuna mambo ambayo hakuna lugha itakayoyabadilisha: umri, maini yaliyokwisha kuharibika, mabadiliko ya kijeni yanayoifanya lukemia moja kuwa sugu kuliko nyingine, uzoefu wa hospitali. Na fedha ni fedha. Ila mwaka 1998 watafiti wa Ulaya wakiongozwa na Alois Gratwohl wa Basel, kwa kuchunguza wagonjwa zaidi ya 3,000 wa lukemia sugu ya mieloidi, waliyapanga mambo matano yanayotabiri uhai baada ya kupandikizwa: umri wa mgonjwa, hatua ya ugonjwa, muda uliopita tangu kugunduliwa, aina ya mtoaji, na jinsia ya mtoaji kwa kulinganishwa na ya mgonjwa. Kati ya matano hayo, mawili ni ya wakati na mawili ni ya mtoaji. Wakati hupotezwa na "amepona", na mtoaji hupotezwa na "ndugu" na "uti wa mgongo". Fedha zenyewe huchangwa kwa kuombwa, na kuomba ni kazi ya maneno.

Lukemia hiyohiyo sugu ya mieloidi inatoa ushahidi mwingine. Mwaka 2001 ilipatikana dawa ya vidonge, Glivec, iliyoondoa haja ya kuwapandikiza wengi wa wagonjwa wake, na mpango wa kuitoa bila malipo ukawafikia Wakenya kupitia kliniki iliyokuwa Nairobi Hospital. Fedha zikaondolewa njiani. Kilichobaki ni kumeza kidonge kila siku kwa miaka, mtu akiwa hajisikii mgonjwa, na hilo halinunuliki kwa hela. Hutegemea kama amekielewa kitu alichoambiwa.

Masafa nayo yanafupika. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam iliwapandikizia wagonjwa wa saratani ya uboho chembe zao wenyewe, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu kwa uboho wa ndugu zao. Hao hawakuwa wagonjwa wa lukemia, lakini vyumba, mashine na wauguzi ni wa jamii moja. Wahusika wa huko huita kitu hicho uloto. Kenya huita uboho. Wasomi wanaweza kushindana kuhusu lipi bora, na huenda wakafanya hivyo kwa muongo mzima. Mgonjwa hatadhurika kwa kuwa na maneno mawili mradi ajue yote mawili si uti wa mgongo. Selimundu lilipoundwa kutokana na mundu lilionekana la kigeni pia, na leo limezoeleka midomoni mwa wazazi wa Tanzania kwa sababu lilipelekwa kliniki badala ya kuachwa kamusini.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kifungu hicho kimewapa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kazi, ingawa wengi hawajakisoma. Orodha za istilahi zimeandikwa, TUKI ilitoa hata Kamusi ya Tiba, na tasnifu za uundaji wa istilahi hujaza rafu za idara kila mwaka, zikipimwa kwa vigezo vya nadharia na kutetewa mbele ya watahini. Hazipimwi kwa msikilizaji. Na ipimwe moja kwa njia nyingine: mwanafunzi aandike karatasi ya ukurasa mmoja kwa familia inayompokea mgonjwa aliyepandikizwa, akishirikiana na daktari wa damu, akaisome Nkoroi mbele ya mama ambaye hakwenda sekondari. Asimuulize kama ameelewa, maana kwa heshima atajibu ndiyo. Amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atafanya nini saa nane za usiku kipimajoto kikisoma nyuzi 38.4. Akijibu visivyo, karatasi iandikwe upya.